Usimpe mchezaji korona kabla ya mto

Ukitaka kujua kama teknolojia ya gemu lako la kujenga makazi imepangwa vizuri, usimhoji mchezaji. Mtazame anavyocheza. Vijana wanaokuja kunijaribia gemu hapa Ngamiani, Tanga, wakishachagua utafiti hubonyeza kitufe cha kukimbiza muda, kisha huyoo, wanakwenda kuagiza chai. Mstari wa utafiti ukijaa wanarudi kuchagua mwingine. Ukiona hivyo ujue teknolojia yako inapatikana kwa kusubiri tu, na wakazi wake wamegeuka pambo.

Kupanga teknolojia kwa matawi na pointi kulienea sana kupitia gemu la Civilization la mwaka 1991, na kule kunafaa, maana zamu moja hula miaka. Kwenye kijiji cha watu kumi wanaohangaikia mlo wa kesho, pointi peke yake hazitoshi. Gemu la RimWorld nalo lina meza ya utafiti, lakini tazama kinachofuata ukishapata umeme. Paneli za sola hazifanyi kazi usiku, kwa hiyo unatengeneza betri. Betri ukiziacha zinyeshewe, zinapiga shoti na moto unawaka. Gemu la Oxygen Not Included ni katili zaidi: mashine inayogeuza maji kuwa oksijeni inatoa na haidrojeni, tena hewa yenyewe inatoka na joto la nyuzi 70 au zaidi. Watu wako wanapumua, mazao yanaacha kukua kwa joto.

Gemu la Dwarf Fortress ndilo nilipendalo kuliko yote kwa jambo hili. Humo, kupata feleji hakuhitaji utafiti wowote. Uwe na mawe ya chuma, makaa, na mawe ya jamii ya chokaa. Ukiweka makazi mahali pasipo na chokaa, utasubiri wafanyabiashara wapite au utaishi bila feleji. Ardhi ndiyo inayoamua.

Katika gemu langu nimechukua mkonge, kwani mkoa huu umekwishanipangia mnyororo wote. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikafika hai 62. Mchezaji wangu naye anaanza na vichache hivyo hivyo. Hakuna utafiti wa kuvizidisha. Anapanda, anangoja mmea ukomae, na mkonge hauna haraka, miaka inapita kabla ya mkato wa kwanza. Kungoja huku hakumchoshi mtu, kwa sababu shamba analiona likikua na huku lazima alime mihogo watu wale.

Mkato wa kwanza ukifika, simpi mashine. Wakazi wanaparua majani kwa mkono, singa (nyuzi za mkonge) chache kwa siku, na majani yaliyobaki yanakauka juani hadi hayafai. Rundo hilo linaloharibika mbele ya macho yake linamfundisha kuliko maelezo yoyote ya kwenye skrini. Ndipo anaanza kuitafuta korona (mashine ya kuparua majani ya mkonge, si ule ugonjwa).

Korona inakunywa maji mengi mno, kwa hiyo lazima ikae karibu na mto. Na jani la mkonge ni zito bure: kilo 100 za majani zinatoa singa kama kilo 4 hivi. Hesabu hiyo nimeiacha vilevile. Wachezaji walinung'unika kwamba wabebaji wanakufa kwa uchovu, halafu wenyewe wakaanza kuulizia reli ndogo za troli, kama zile za mashambani. Mimi sikuwa nimewaandikia popote kwamba baada ya korona ni reli.

Kwa hiyo kila teknolojia unayotaka kuiweka, iandikie sentensi mbili: inaondoa adha gani, na inaleta adha gani. Ya pili ikikushinda kuiandika, itoe. Nimefuta nyingi kwa kipimo hicho, zikiwemo zile za "asilimia kumi zaidi" ambazo sijui nani huzifurahia.

Ujuzi nao uweke vichwani mwa watu. Kwenye gemu langu, fundi wa korona akifa bila kumfundisha kijana, mashine inasimama mpaka apatikane mwingine. Hili limeleta ubishi kuliko kitu chochote, wengine wanaliita uonevu. Sitaliondoa. Tangu niliweke, wachezaji wanajua majina ya wakazi wao.

Mabaki ya majani yanayotoka kwenye korona wengi huyatupa tu. Pale Hale, mkoani humu humu, ulijengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya mabaki hayo, basi nami nimeuweka, bila kuufunga kwa pointi: mwenye rundo la mabaki na tangi ataupata.

Bei za utafiti ziache mwisho. Tafuta kwanza siku ambayo akiba ya chakula ya kuanzia inaisha, rudi nyuma kidogo, weka utafiti wa kwanza hapo. Zinazofuata mimi huzirekebisha nikiwa nimeketi nyuma ya anayecheza, daftari mkononi, bila kumwambia neno.