Kulinganisha rekodi za simfoni za Bruckner: ulizia andiko kwanza, mwongozaji baadaye

Anayetaka kuchagua kati ya waongozaji wa okestra waliorekodi simfoni zote za Anton Bruckner huanza na maswali ya kawaida: nani ana kasi, nani ana okestra bora, sauti ya nani imerekodiwa vizuri. Maswali hayo yana nafasi yake, lakini lipo moja linaloyatangulia: anapiga andiko lipi, yaani simfoni ilivyoandikwa mwaka upi? Bruckner (1824–1896) alizirudia simfoni zake miaka nenda miaka rudi, na kwa baadhi yake mabadiliko ni makubwa mno. Rekodi mbili zenye jina lile lile huweza kuwa na noti tofauti kwa kurasa nzima.

Chukua Simfoni ya 3. Tuviite vipimo vile vigawanyo vidogo vinavyotenganishwa kwa mstari wa wima katika muziki ulioandikwa. Andiko la 1873 lina vipimo 2056, la 1877 lina 1815, la 1889 lina 1644. Waongozaji Jochum, Karajan na Wand wanapiga la 1889. Haitink na Solti wanapiga la 1877. Inbal na Tintner wamerudi kwenye la 1873. Ukisikia Tintner analaumiwa kwamba sehemu yake ya kwanza haiishi, kumbuka kwamba ana muziki mwingi zaidi wa kupiga. Ni mwendo wa taratibu kweli, lakini urefu wote hautokani na yeye.

Simfoni ya 4 haina shida kuitambua. Fungua sehemu ya tatu. Ukisikia pembe nyingi zikiitana kama wawindaji, hilo si andiko la 1874, kwa sababu muziki huo Bruckner aliuandika mwaka 1878 kuchukua nafasi ya sehemu nyingine kabisa. Andiko la 1874 linaanza sehemu hiyo kwa pembe moja peke yake. Inbal na Okestra ya Redio ya Frankfurt wanalo. Waongozaji wengi wengine wanapiga la 1878/80, na hilo ndilo ninaloshauri mtu alizoee kwanza.

Kwenye Simfoni ya 8 ndipo wasikilizaji hupotea zaidi. Bruckner aliimaliza 1887, akampelekea mwongozaji Hermann Levi, naye hakuielewa. Pigo hilo lilimuumiza sana Bruckner, akaifumua upya hadi 1890. Kuyatofautisha maandiko hayo mawili, sikiliza mwisho wa sehemu ya kwanza: la 1887 linamalizika kwa kishindo cha okestra nzima, la 1890 linafifia mpaka kimya. Kisha nenda kwenye kilele cha adajio (sehemu ya mwendo wa taratibu) uhesabu matoazi: 1887 yanagongwa mara sita, 1890 mara mbili. Inbal na Tintner wanapiga la 1887. Kwa maoni yangu mwisho ule wa kimya ni miongoni mwa mambo makuu aliyowahi kuandika Bruckner, kwa hiyo la 1887 liwe rekodi ya pili nyumbani, si ya kwanza.

Hata ukishachagua la 1890, bado kuna matoleo mawili ya wahariri. Robert Haas, mwaka 1939, alirudisha vipande kutoka 1887, jumla yake karibu vipimo 50, vingi vikiwa katika sehemu ya mwisho. Leopold Nowak, mwaka 1955, aliviondoa akifuata mkono wa Bruckner wa 1890. Kwa kanuni za uhariri Nowak ana haki. Kwa sikio, Haas anapumua vizuri zaidi: katika adajio kuna kipande cha utulivu kabla ya kupanda kileleni, na bila hicho safari inaonekana imekatwa. Karajan, Wand na Haitink wanatumia Haas, Jochum na Solti wanatumia Nowak. Programu za kusikilizia muziki mara nyingi haziandiki toleo, hivyo tafuta kijitabu cha rekodi au tumia alama nilizozitaja.

Basi ukitaka kuwapima waongozaji wenyewe kwa haki, weka pembeni namba 3, 4 na 8 kwa muda. Tumia 5, 6, 7 na 9, ambazo maandiko yake hayatofautiani sana. Namba 7 ina mgogoro mmoja mdogo: toazi kwenye kilele cha adajio, sehemu iliyokamilishwa baada ya mtunzi Wagner kufariki Februari 1883. Haas aliliondoa, Nowak akaliweka. Wand haligongi, Jochum analigonga. Karajan anafuata Haas lakini toazi analo.

Kipimo kikali kuliko vyote ni sehemu ya mwisho ya Namba 5. Mada mbili zinafukuzana kwa muda mrefu, kisha ala za shaba zinaingia na wimbo mpana kama wa kanisani juu ya okestra nzima. Kosa la kawaida ni kumaliza nguvu mapema. Ala za shaba zikishapiga kwa sauti ya juu kabisa dakika kumi kabla, wimbo ule wa mwisho hauna pa kupandia. Wand na Okestra ya Redio ya Cologne (1974–1981) anashika pigo moja na kuzuia sauti, na mwisho unafika kwa uzito wake. Jochum anasukuma na kuvuta mwendo, anaharakisha kuelekea vilele. Wengine humwona anavuruga jengo. Mimi naona anauweka muziki huu hai, hasa katika Namba 6 na 9. Karajan na okestra ya Berlin (1975–1981) wana ala za nyuzi zisizo na mfano, ila mng'ao huo katika Namba 6 unafunika kingo za mdundo.

Jochum ana seti mbili za simfoni hizi. Ya kwanza (1958–1967) ni ya okestra za Berlin na Redio ya Bavaria, ya pili (1975–1980) ni ya okestra ya Dresden. Ya Dresden ina joto zaidi, lakini matarumbeta yana mtetemo ambao wengine hawauvumilii. Jaribu mwisho wa Namba 7 kabla ya kulipa.

Kosa jingine liko mikononi mwa msikilizaji. Simfoni nyingi za Bruckner zinaanza kwa nyuzi zinazotetemeka chini kabisa. Ukipandisha sauti ili uzisikie, utalazimika kuishusha matarumbeta yakiingia, na tofauti ya nguvu aliyoijenga mwongozaji itapotea. Weka sauti kwa kutumia mwanzo wa sehemu ya mwisho ya Namba 8, ambao ni mkubwa, kisha usiiguse. Zima pia mpangilio wa programu unaosawazisha sauti za nyimbo.

Ukinunua seti moja tu, chukua Wand wa Cologne. Angalizo: Namba 1 ameipiga katika andiko la Vienna la 1891, lililolainishwa. Ukali wa andiko la awali la Linz utaupata kwa Jochum. Wote wawili, pamoja na Karajan, wana 1 hadi 9 pekee. Ukitaka na simfoni ile ya F ndogo (F minor) na ile iitwayo Namba 0, zote mbili zimo kwa Tintner na kwa mwongozaji Skrowaczewski na okestra ya Saarbrücken. Mwongozaji Celibidache na okestra ya Munich mwache kwanza. Seti yake inaanzia Namba 3, na Namba 8 yake inazidi dakika 100, adajio peke yake kama 35. Inahitaji sikio ambalo tayari linajua kila kona ya kazi hiyo.