Kwa nini Iroh analia kule kilimani

Mkuu wa Masasi, umeuliza mbona mzee Iroh kwenye katuni ya Avatar: The Last Airbender anacheka na watu kutwa nzima, halafu jioni analia peke yake chini ya mti. Hajabadilika ghafla. Kikapu alichonunua sokoni ndicho anachokifungua kilimani. Anaweka picha ya mwanawe Lu Ten na kuwasha ubani, maana ni siku ya kuzaliwa ya marehemu. Tangu asubuhi alikuwa anakwenda kwake.

Sikiliza wimbo, unaimbwa mara mbili. Kwanza anambembelezea mtoto anayelia: sauti imetulia, mtoto anaishia kumvuta ndevu. Jioni maneno ni yaleyale, ila yanamkwama kooni kwenye mstari wa askari mdogo anayerudi nyumbani. Lu Ten hakurudi. Alifia kwenye vita vya kuuzingira Ba Sing Se, mji huohuo ambamo Iroh anatembea siku hiyo, siku 600, na jemadari alikuwa Iroh mwenyewe. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ucheshi wake ni wa kuficha huzuni. Anawatendea vijana wa mji ule wema ambao hawezi tena kumtendea mwanawe.

Kama uliiona kibanda umiza, kwa toleo la DJ, sauti ya mtafsiri inafunika wimbo na hapo utakosa kila kitu. Tafuta yenye sauti asilia, msimu wa 2, sehemu ya 15. Usizime mapema: maandishi mwishoni mwa kisa cha Iroh yanamuenzi Mako, aliyempa Iroh sauti, aliyefariki Julai 2006 kabla sehemu hiyo haijarushwa.