Mwalimu, nikifika kwenye jana na kesho napotea

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi kijana wa miaka 24 naishi Mbagala, nafanya kazi kwenye ofisi ya kliaringi huku Posta, kazi yangu kubwa ni kuwajulisha wateja wa Zambia mizigo yao imefikia wapi, kwa WhatsApp au simu. Shida yangu ni Kiingereza cha yaliyopita na yajayo. Juzi nilimwandikia mteja "The truck has left yesterday", chini nikaweka "I didn't received your invoice", alafu nikamalizia "When it will reach Tunduma I will call you". Bosi alikuwa nyuma yangu, akasoma kwa sauti ofisi nzima ikasikia, niliumia sana. Na lile jedwali la vitenzi nilikariri lote shuleni, go went gone naijua vizuri tu, ila nikianza kuongea vyote vinayeyuka. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole, bosi angekuita pembeni tu ingetosha. Nimezisoma sentensi zako mara kadhaa, na makosa mawili, la lori na la Tunduma, yametoka kwenye Kiswahili chako kizuri, yani umesema sawasawa na mtu wa Dar anavyosema ila umevalisha maneno ya Kiingereza. Hilo linatibika.

Anza na lori. Sisi tunasema "lori limeondoka jana" na hakuna anayeshangaa, -me- yetu haina ugomvi na jana. Have na has za Kiingereza ndo zina ugomvi, hazikai sentensi moja na muda uliokwisha kupita, iwe yesterday, last week, in 2019 au at ten o'clock asubuhi ya leo. Ukishataja muda wa hivo sema "The truck left yesterday" bas. Ukiwa hutaji muda, unampa tu mteja hali ilivyo sa hivi, hapo has inakaa vizuri: "The truck has left", "The truck has just left", na halijafika ni "It hasn't arrived yet". Kwahiyo kabla hujabonyeza kutuma jiulize kitu kimoja tu, hapa nimetaja muda uliopita au sijataja?

Ya pili, "didn't received". We ukikanusha "nilipokea" unasema "sikupokea", ile -li- imetoka na -ku- imeingia kubeba wakati, huwezi kuziweka zote mbili. Did inafanya kazi hiyohiyo ya -ku-, ikishaingia imebeba wakati uliopita peke yake na kitenzi kinarudi kwenye umbo lake la kawaida: "I didn't receive", "I didn't go". Na kwenye kuuliza vilevile, "Did you receive it?", "Did he pay?"

Ya tatu ndo inayowasumbua hata watu waliosoma sana. "Litakapofika Tunduma nitakupigia", unaona -ta- zimekaa mbili, na kwetu ni sawa kabisa. Kiingereza kinataka will moja tu, upande wa kupiga simu: "When it reaches Tunduma, I will call you." Ukiwa unaongelea yajayo, baada ya when, if, before, after, until na as soon as usiweke will, na kwa kazi yako hizo ndo sentensi za kutwa nzima, "as soon as the ship docks", "before the truck crosses the border", kwahiyo hapo kaa napo sana kuliko pengine popote.

Sasa mazoezi. Jedwali usilitupe lakini usitegemee likufundishe kuongea, maana lile limepangwa kwa safu na mdomo hauongei kwa safu. Chukua lori moja tu la ofisini kwenu linaloenda Zambia. Asubuhi ukiwa kwenye foleni, jirekodi voisi ya dakika moja ukilitabiria siku yake: "It's going to leave Dar at six. It's going to pass Chalinze and Morogoro. The driver is going to sleep in Iringa." Jioni ukishajua lilikofika, rekodi tena safari ileile kama imeshapita: "It left Dar at eight. It passed Chalinze, but it broke down near Mikumi, so the driver didn't sleep in Iringa." Umeona hiyo didn't sleep ilivyokuja yenyewe, kwasababu mipango imevunjika kweli? Sikiliza voisi zote mbili kabla ya kulala, chagua kosa moja usahihishe, mengine yaache mpaka kesho. Nina mwanafunzi muuza vitenge Kariakoo anafanya hivi na mauzo yake, kila akifunga duka anajisimulia nani kanunua nini, sold, bought, paid, gave, owed, na sa hivi hasiti tena.

Vitenzi vya kazi yako havizidi ishirini, viandike kwenye kaunta buku kwa mlio: send sent, spend spent, lend lent, alafu bring brought, buy bought, think thought. Went haifanani na go kwasababu ilikuwa ya kitenzi kingine cha zamani, wend, hiyo ikariri tu.

Na yajayo kwa ufupi: going to ni mpango uliokwishaupanga, will ni ahadi au uamuzi wa hapohapo ("I'll check and call you back"), na ratiba ya meli inasemwa bila hata kimoja, "The ship arrives on Friday".

SWALI: Mwanangu yuko kidato cha kwanza, maneno yote yenye -ed mwishoni anayasoma "edi". Je ni sahihi? Mama wa Tabata.

JIBU: Hapana dada yangu, ila ni rahisi kumrekebisha. Kitenzi kikiishia na mlio wa t au d, ndo inasikika "id": wanted, needed. Kikiishia na mlio usiotetemesha koo kama k, p, f, s, sh au ch, inasikika t tu, washed inakuwa "wosht", worked "wekt". Vilivyobaki ni d, called inasikika "kold". Mwambie aweke vidole kooni kwa nje aseme "zzz" alafu "sss", atausikia mtetemo mwenyewe, kisha ampitishe mdogo wake pia wafanye pamoja kwa maneno matano kila jioni.