Lita tatu kwa kilomita 90 za jangwa? Acha kabisa

Mkuu, lita tatu? Nimesoma swali lako mara mbili nikidhani umesahau sifuri mahali. Unasema kutoka kambini hadi kisima ni kilomita 90, mwendo wako ni kilomita 15 kwa saa, kwa hiyo saa sita, nusu lita kila saa, basi umemaliza. Halafu unauliza tairi za upana gani, baiskeli ya springi za mbele tu au na za nyuma, na mikoba ya aina gani. Mikoba!

Hesabu hiyo naijua, nilipewa hivyohivyo na jamaa mmoja aliyejitangaza mzoefu wa jangwa. "Lita tatu zinakutosha, usijibebeshe mizigo." Nikaja kugundua baadaye kwamba uzoefu wake wote ni wa mashindano. Mbio za baiskeli kama Titan Desert ya Moroko, zilizoanza 2006, zina vituo vya maji, magari na madaktari njiani. Mtu aliyezoea kupokezwa chupa anakuja kumshauri mwenzake anayekwenda peke yake! Huko si kuuziwa mbuzi kwenye gunia tu, hilo gunia lenyewe lilikuwa tupu.

Siku niliyomsikiliza nikaondoka, asubuhi njia ilikuwa changarawe ngumu na nilijiona bingwa. Ukaja mchanga. Gurudumu la mbele linazama, usukani unajipinda wenyewe, unashuka unasukuma. Kusukuma baiskeli yenye mizigo mchangani ni kilomita nne, ukijitahidi tano kwa saa, na moyo unadunda kuliko ulipokuwa unakanyaga pedali. Ile hewa iliyokuwa ikikupoza ukiwa kwenye mwendo nayo haipo tena. Na jangwa lina ujanja wake: hewa ni kavu kiasi kwamba jasho linakauka kabla hujaliona, unabaki kujidanganya kwamba hutoki jasho. Mimi nilishtuka nilipoona fulana imejichora mistari myeupe ya chumvi kuanzia kwapani hadi kiunoni.

Mchana nikauvuta mrija wa mfuko wa maji wa mgongoni. Yaliyokuja yalikuwa moto kama ya kumwogeshea mtoto. Nikavuta tena, ukakoroma. Watu hulalamika maji yamewafika shingoni. Mimi siku ile ningeshukuru yangenifika hata kooni.

Kisima je? Kilikuwepo! Ramani ya simu ilinifikisha penyewe kabisa. Kamba ipo, ndoo ipo, chini udongo umepasukapasuka. Ile alama ya bluu inakuambia kuna shimo, haikuambii kama mwezi huu shimo lina maji. Niliokolewa na lori lililopita kwa bahati. Dereva akanitazama, akaitazama baiskeli, akaniuliza gari langu limeharibikia wapi. Sikuwa na mate ya kumjibu.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote: HESABU MAJI KWA SAA, SIYO KWA KILOMITA. Chukua hizo 90 zako. Tuseme 30 ni mchanga, kwa mwendo wa tano ni saa sita. Zile 60 zilizobaki, na mizigo, weka mwendo wa 12, saa tano. Jumla saa 11. Kwenye joto, mtu anayetumia nguvu hivyo anaweza kupoteza lita nzima kwa saa, wengine zaidi. Ulikuwa unakwenda na lita tatu, mkuu. Na kisima ambacho hujathibitisha juzi kwa mtu anayekitumia, kihesabu ni sifuri.

Utaniambia lita kumi ni kilo kumi. Ndiyo, na utazihisi. Lakini dawa ya uzito si kupunguza maji, ni kufupisha kipande unachokwenda bila kupata maji mapya, au kukwepa jua. Tafuta mtu mwenye gari akutangulizie madumu njiani, au ondoka kabla ya alfajiri, lala kivulini jua likiwa kali, uendelee jioni. Kama yote hayo hayawezekani, badili njia. Hakuna aibu.

Na usinywe maji matupu kutwa. Jasho linaondoka na chumvi, ukijaza maji peke yake unaizimua iliyobaki kwenye damu. Kichwa kinauma, kichefuchefu, akili inayumba, na kwa kuwa dalili hizo zinafanana na za kiu, unazidi kunywa. Weka chumvi za kuongeza maji mwilini kwenye chupa mojawapo, na ule vitu vyenye chumvi.

Tairi: pana, kuanzia inchi 2.4, zisizo na tyubu, zenye ile gundi ya majimaji ndani ya kuziba matundu ya miiba. Ikague kabla ya kuondoka kwa sababu joto huikausha haraka. Ukifika mchangani punguza upepo, ukirudi kwenye mawe ongeza, kwa hiyo pampu usiiache. Springi za mbele zinatosha. Kulikuwa na swali jingine lakini limenitoka, hasira zimenipanda upya.

Leo fungua ramani, tenga vipande vya mchanga kimoja kimoja, andika saa pembeni ya kila kipande, ulete hapa tuone kabla hujalipa nauli.