Mombasa na hofu ya volkano
Ndugu yangu, umeuliza kama sisi wa Mombasa tuihofu volkano, na kama lava ndiyo inayoua zaidi. Kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe, si wa volkano, kama kuta za Fort Jesus zinavyoonyesha, na Kilimanjaro imelala mbali bara. Mimi naogopa zaidi majivu na gesi: Karthala ilipolipuka mwaka 2005 huko Ngazija, visiwani Komoro, majivu yaliharibu maji ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye mabirika, na karibu na mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, gesi ya kabonidayoksaidi, ambayo wenyeji huiita mazuku, hutuama mabondeni bila rangi wala harufu, ikamkaba mbuzi au mtoto mdogo kabla ya mtu mzima aliyesimama. Lava mara nyingi huenda polepole, ingawa ya Nyiragongo, volkano iliyo karibu na Goma, ni nyepesi mno, na mwaka 2002 iliingia hadi katikati ya mji huo.