Akuaponiki ya kwanza uani Mombasa: pampu ni swali la mwisho

Ndugu yangu, umesema uko Kisauni, una nafasi uani, umepata tangi la plastiki la lita 1000, lile la fremu ya chuma, na unataka kutia tilapia 150 na kupanda sukuma wiki na nyanya juu yake. Akuaponiki ndiyo hiyo: maji ya samaki hupandishwa na pampu hadi kwenye kitanda cha kokoto, yakalisha mboga, kisha yakarudi tangini. Maji utayavuta kisimani. Ukauliza jambo moja tu: ununue pampu gani? Nitakujibu, lakini mwishoni, maana hapa kwetu mifumo hii haifi kwa sababu ya pampu. Hufa kwa sababu ya maji na mawe. Wangu uko Mtopanga, kwa hiyo jua na udongo wetu ni mmoja.

Anza na kokoto. Sehemu kubwa ya Mombasa imekaa juu ya matumbawe. Ndiyo tunayojengea nyumba, ndiyo yaliyochimbwa Bamburi kutengenezea simiti, na ukimwambia mtu wa lori akuletee kokoto za bei nafuu, huenda akakuletea hayo hayo. Matumbawe ni chokaa. Yakikaa kwenye maji yanayozunguka huyeyuka polepole, pH, yaani kipimo cha ukali wa maji (chini ya 7 yana asidi, juu ya 7 hayana), ikapanda hadi karibu na 8 na kung'ang'ania hapo. Utatia siki leo ishuke, keshokutwa imerudi, kwa sababu jiwe lenyewe limo ndani. Kabla hujalipa, omba kokoto chache, ziponde kidogo, kisha zikamulie ndimu. Zikitoa povu, mwachie jirani anayejenga. Wewe tafuta zile ngumu za kijivu au nyeusi ambazo ndimu haizisumbui, za milimita 8 hadi 20, uzioshe mpaka maji yatoke safi. Kitanda cha kokoto kiwe na kina cha sentimita 30 hivi. Mchanga wa ufuoni usiulete kabisa, umejaa vipande vya kombe.

Utaniambia, mbona pale Haller Park, ile bustani ya wanyama ya Bamburi, tilapia wanaishi kwenye machimbo ya matumbawe, yale ambayo René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya simiti, alianza kuyapanda mivinje mwaka 1971? Ni kweli, na tilapia haogopi pH 8. Lakini wale wana mabwawa, wewe una tangi. Samaki hutoa amonia, uchafu wa mwili wake, kupitia mashavu yake, na sehemu ya amonia hiyo ndiyo sumu. Maji yakiwa na joto la nyuzi 30 na pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Kwa joto hilohilo na pH 8 inafika kama asilimia 7. Samaki walewale, chakula kilekile, sumu imezidi mara kadhaa. Video nyingi tunazotazama zimepigwa nchi za baridi, hawana habari na kaskazi ya Februari. Tena mboga nazo zinalalamika: pH ikiwa juu hazipati madini ya chuma, utaona majani machanga yanakuwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani.

Kisima sasa. Kama maji yake hamyapikii chai, sukuma wiki nayo haitayataka. Tilapia atavumilia chumvi kiasi, mboga zitaungua ncha za majani kisha zidumae. Maji ya mfereji yanafaa, ila yana klorini, kwa hiyo yaache kwenye pipa wazi siku moja au mbili kabla ya kuyatia. Bora zaidi ni maji ya mvua kutoka kwenye paa. Masika ikifika jaza kila chombo ulicho nacho. Ila maji ya mvua ni mepesi, na bakteria wanaogeuza amonia kuwa chakula cha mboga wanapofanya kazi yao, pH hushuka miezi ikienda. Hapo ndipo matumbawe yanapata kazi: tia vipande vichache ndani ya mfuko wa wavu, vining'inize tangini, pH ikirudi kwenye 7 vitoe.

Samaki 150 ni wengi mno. Tilapia wa sahani ana kama gramu 400, kwa hiyo unazungumzia kilo 60 ndani ya lita 1000, na kwa mifumo ya nyumbani kilo 20 ndio ukomo unaopendekezwa. Anza na 25. Wakifika gramu 100 kila mmoja, wote pamoja watakula gramu 50 hivi za chakula kwa siku, na hicho kinatosha kulisha mita moja ya mraba ya mboga za majani. Wape wanachomaliza kwa dakika tano, kinachobaki kichote. Na usitarajie sifa nyumbani. Kwetu aliyezoea changu na tafi bado anasema tilapia ananuka tope, japo sahani hairudi na kitu.

Usiwatie siku ya kwanza. Zungusha maji bila samaki, tia chakula chao kidogo kioze kitoe amonia, upime kwa vile vichupa vya matone vya kupimia maji. Bakteria wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, wa pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ndiyo chakula cha mboga. Kazi hiyo huchukua wiki nne hadi sita, kwa joto letu mara nyingine pungufu. Amonia na nitriti zikisoma sifuri na nitrati ikapanda, walete vifaranga.

Nyanya ziache kwanza, zinataka mfumo uliokomaa. Sukuma wiki sawa, lakini hupata vidukari na dawa huwezi kupuliza, samaki watakufa. Mimi ningeanza na mchicha, rehani na nanaa. Rehani inalipenda joto, na wanunuzi hawakosekani. Tangi lifunike jua lisipige maji, la sivyo yatageuka kijani.

Haya, pampu. Itoe lita 1000 kwa saa ikiwa imeshapandisha maji hadi kimo cha kitanda chako, si ile namba kubwa ya kwenye boksi, ambayo ni ya kimo sifuri. Ya wati 40 ikiwaka mchana na usiku itakula karibu uniti moja ya stima kwa siku. Maji ya joto hushika hewa kidogo, kwa hiyo stima ikipotea usiku samaki hawana muda mrefu. Kabla ya kununua pampu ya bei kubwa, nunua ya kawaida na fedha itakayobaki uchukue kipulizia hewa cha betri.