Wageni Wakumbuke Kahawa, Si Msanii

SWALI: Mama, habari za kazi. Mimi ni afisa masoko wa kampuni ndogo ya kukaanga kahawa hapa Mbale. Mwakani tunatimiza miaka 10. Bosi anataka tukodi ukumbi mkubwa Munyonyo, kule Kampala, tualike watu 300, tumlete msanii mwenye jina, na nembo yetu iwekwe kila mahali hadi kwenye vitambaa vya meza. Naogopa pesa zitaisha na bado watu watatusahau. Nimwambie nini?
*Binti wa Mbale*

JIBU: Binti yangu, hofu yako ina msingi. Mpelekee bosi ukurasa huu kama ulivyo.

Nimeandaa hafla za kampuni Kampala kwa miaka mingi, na nina mazoea ya kuwapigia simu wageni wachache wiki moja baadaye niwaulize wanakumbuka nini. Palipokuwa na msanii mkubwa, wananitajia msanii: wimbo aliofungulia, koti alilovaa. Nikiuliza aliyewaalika ni nani, wapo wanaonyamaza kwanza. Msanii ana jina lake la kulinda, na usiku ule ninyi ndio mmemlipa alitangaze. Nembo nazo zikijaa ukutani, mezani na kwenye glasi, jicho huacha kuziona kabla hata ya chakula.

Jiulizeni kwanza mna nini ambacho hakikodishwi Munyonyo. Mna Mlima Elgon. Uganda inajulikana zaidi kwa kahawa aina ya robusta, ambayo ni mti wa asili ya huku kwetu, lakini ninyi mko Bugisu, kwenye nchi ya aina nyingine, arabika. Mna mashine ya kukaangia inayonukisha mtaa mzima. Na mna wageni ambao wengi wao nyumbani wanakunywa chai, ingawa nchi yao inauza kahawa duniani kote. Hawajawahi kuona jinsi mnunuzi anavyoionja kabla ya kutoa bei. Hapo ndipo penye hafla yenu.

Ningealika watu 80, na ningewaleta kiwandani kwenu. Chagueni wanunuzi wa mahoteli, wenye mikahawa, wenye maduka na wakulima wenu. Pesa ya msanii ilipe basi la kutoka Kampala kupitia Jinja na Tirinyi, na vitanda vya kulala Mbale, maana hakuna atakayefurahia kahawa yenu akiwaza safari ya kurudi usiku. Fanyeni Desemba au Januari, mvua zikiwa zimepungua. Mwezi wa Novemba msithubutu kupandisha wageni mlimani: barabara zinateleza, na wenzetu wa Bududa, walioangukiwa na maporomoko ya mlima, wanajua vizuri kuliko mimi udongo ule ukilowa unafanya nini.

Kila meza ikae watu wanane, wakulima wakiwa wamechanganywa na wanunuzi, wala wasitengewe viti vya nyuma. Kahawa isagwe palepale, imwagiwe maji yaliyotoka kuchemka, kisha ngojeni dakika nne. Juu ya kikombe kutakuwa na tabaka la unga. Kila mgeni alivunje mwenyewe kwa kijiko, pua ikiwa karibu kabisa na kikombe, kwa sababu harufu yote hutoka wakati ule. Kahawa ikipoa kidogo, wafyonze kutoka kijikoni kwa sauti, kama wafanyavyo waonjaji, ili ienee mdomo mzima. Mameneja wenye tai watacheka wakijisikia wanavyofyonza, nawe waache wacheke.

Sasa sikiliza hili vizuri. Kikombe kimoja kiwe cha kahawa yenu bora. Kingine kitengenezwe kwa tunda lililochumwa bichi, na msiwaambie ni kipi. Waonje, wabishane, wachague. Baada ya hapo mkulima wa meza ile asimame aeleze kwa nini yeye hachumi ila tunda jekundu. Mtu aliyeupata ubaya wa kahawa kwa ulimi wake mwenyewe hahitaji hotuba ya ubora, na akirudi kazini atasimulia habari hiyo bila kulipwa. Tafadhali, wakulima hao walipwe siku yao. Wao ndio walimu wa hafla.

Ngoma ya kadodi iwepo, ni ya nyumbani na watu wataicheza. Ila imbalu yenyewe, tohara ya vijana wa Kigisu inayofanywa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, msiifanye tangazo. Ile ni heshima ya ukoo wa watu. Chakula kiwe matoke na malewa, yaani machipukizi ya mianzi, yaliyopikwa kwa karanga. Hotuba iwe moja, ya bosi, dakika tano.

Nimebakiza mwisho wa hafla, na hapo ndipo kampuni nyingi hapa Uganda zinapotupa pesa zao. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio moja: watu walitia mkono kwenye maji baridi kwa sekunde 60, kisha mara nyingine kwa sekunde 60 pamoja na nyingine 30 ambazo maji yalipata joto kidogo. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi, wengi wakachagua lile refu, kwa sababu liliisha vizuri zaidi. Kumbukumbu inashika kilele cha jambo na jinsi lilivyoisha. Sasa fikiria hafla zetu zinavyoisha: foleni ya chakula imekatikia katikati, spika bado zinapiga kelele, mgeni amesimama getini anamtafuta dereva wake. Hayo ndiyo anayoondoka nayo.

Kwa hiyo wewe simama mlangoni na bosi wako, mpeni kila mgeni mkono na pakiti ya kahawa iliyokaangwa siku ileile, tarehe ya kukaangwa na jina la kijiji ilikotoka vikiwa vimeandikwa kwa mkono. Mwambieni asiifungue mpaka zipite siku chache. Si mbwembwe: kahawa iliyotoka kukaangwa inatoa hewa, na ladha yake hutulia ikipumzika. Akija kuifungua nyumbani kwake, harufu ile itamrudisha Mbale, nanyi mtakuwa mmefanya hafla ya pili bila kukodi hata kiti.

SWALI: Mama, sisi ni ushirika wa akiba na mikopo Arua. Kila mkutano mkuu tunagawa fulana zenye nembo kubwa kifuani. Mwaka huu tubadilishe nini?
*Katibu, Arua*

JIBU: Ndugu katibu, fulana yenye nembo kubwa huishia shambani. Punguzeni nembo au mgawe mwavuli mzuri. Tazameni kofia za rangi ya machungwa za SafeBoda, kampuni ya bodaboda: zinamlinda abiria kichwa, na ukiwa mbali barabarani umeshajua ni nani anayepita.

Lakini kubwa kuliko zawadi, wapeni wanachama kazi ya kulisha mkutano. Aliyekopa akafungua hoteli ndogo apike, aliyekopa akafuga kuku auze kuku, na kila meza iwe na kibao kinachosema mkopo ulifanya nini. Hesabu zisomwe kwa Kilugbara na Kiswahili kabla ya Kiingereza. Mwanachama akielewa pesa yake ilikokwenda, jina la ushirika halimtoki.

SWALI: Mgeni rasmi akichelewa kwa muda wa saa mbili tufanyeje?
*Mwandaaji, Jinja*

JIBU: Anzeni. Katika barua ya mwaliko mwandikieni mapema saa ya kufungua na saa atakayozungumza yeye, na hiyo ya pili iwekeni katikati ya ratiba. Akifika atakuta watu wameshiba na wamechangamka, naye atashukuru kuliko kukuta wamenuna juani.